Darubini Shingoni, Msalaba Mfukoni: Kumi Bora wa Mwamba

Tuanze na mawe. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akakirimiwa na mfalme wetu, akapewa rubani wa kumfikisha India, na kwa shukrani akatuachia nguzo ya mawe yenye msalaba kichwani. Ipo hadi leo pale rasini, na maharusi huenda kupiga picha. Miaka mia tano baadaye, mwaka 1999, likatufikia jiwe la pili la Kireno: A Rocha, yaani "mwamba", shirika la Kikristo la kuhifadhi mazingira lililozaliwa Ureno. Safari hii hawakuja na mizinga wala hawakuomba rubani. Walikuja na darubini, na vipete vya kuvisha ndege miguuni, wakatua kwenye nyumba ya ufuoni Watamu inayoitwa Mwamba. Watu wa ndege hawapotezi muda kutafuta majina.

Shirika hili lina tabia moja ninayoipenda. Likimpata Mkristo mwenye jina kubwa, halimkimbilii hundi tu. Linamuomba fani yake. Anayejua mimea alete mimea, anayejua mawingu alete mawingu. Basi nimeamua kuwapanga, kuanzia wa kumi hadi wa kwanza, pamoja na majirani wachache wa shirika na mzimu mmoja wa karne ya kumi na tisa.

Nani kanipa mamlaka? Hakuna. Mimi ni Muislamu wa Shela, Malindi, sina kura katika sinodi yoyote. Lakini ninaye rafiki Mgiriama, mzee wa kanisa la Anglikana upande wa Gede, ambaye kila akija mjini hukaa nami barazani, tukanywa kahawa chungu na kutaniana mpaka adhana ya alasiri itutenganishe. Yeye huniita Shekhe, ingawa sijawahi kusalisha hata kuku. Mimi humwita Mzee wa Kanisa, ingawa shamba lake lina minazi mingi kuliko anayohitaji mtu wa soda.

Kanuni ni moja: mahubiri hayahesabiwi, fani ndiyo inayohesabiwa. Na Wangari Maathai nimemtoa mapema. Mzee wa Kanisa alilalamika, nikamwambia mwenye Nobeli ya mwaka 2004 hawekwi ulingoni na mabondia wa mtaa. Atawapiga wote kabla kahawa haijapoa.

10. Kiongozi wa dini mwenye koleo jipya

Unamjua. Anafika saa nne na nusu, koleo limefungwa utepe, shimo limeshachimbwa na mtu mwingine. Anaupanda mche, anaumwagia maji ya chupa, anainua uso kuelekea kamera. Gari linaondoka. Mbuzi wanakuja kuendeleza ibada.

"Huyo ni wa kwenu," nikamwambia Mzee wa Kanisa.

"Wa kwetu ana joho," akasema. "Wa kwenu ana kanzu. Mbuzi ni walewale."

Kweli. Papa Fransisko alipotoa waraka wake wa Laudato Si' mwaka 2015, sikuona humo sura ya koleo lenye utepe. Nafasi ya kumi inamtosha, na hiyo pia nimempa kwa heshima ya mche.

Utani naufunga kwa mistari michache. Katika kaunti hii ya Kilifi, tangu Aprili 2023, maneno "mchungaji" na "msitu" hayakai katika sentensi moja bila mtu kunyamaza kwanza. Katika msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu walioambiwa na mchungaji wafunge kula ili wamwone Mungu. Kwa hiyo msinione mkali ninapodai ujuzi badala ya sauti kubwa. Ninautaka ule ujuzi ambao mtu mwingine anaweza kuukagua: hesabu iliyoandikwa, ndege aliyepimwa, mti uliotajwa kwa jina.

Tuendelee.

9. Johannes Rebmann wa Rabai

Huyu ndiye mzimu niliowaahidi. Hakuijua A Rocha. Alikufa zaidi ya karne moja kabla haijazaliwa. Lakini Rabai iko Kilifi, na mwaka 1846 yeye na Ludwig Krapf walifungua misheni pale. Krapf akakusanya maneno yetu yakawa kamusi. Rebmann akatembea kwenda bara, na Mei 1848 akaona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Akaandika kwamba ni theluji.

Mabingwa wa jiografia wa London, ambao mlima walikuwa wakiuona kwenye ramani tu, wakamjibu kwamba theluji haikai karibu na ikweta. Macho yake mabovu, wakasema. Ilichukua miaka, na wapandaji wengine, mpaka wakakubali.

"Kwa hiyo," akasema Mzee wa Kanisa, "Mkristo wa kwanza wa Kilifi kutoa taarifa ya hali ya hewa alibishiwa na watu waliokaa kwenye viti."

"Na aliyekuja baada yake pia, Mzee. Tutamfikia namba saba."

Theluji yenyewe sasa inapungua mwaka baada ya mwaka. Maskini Rebmann, alipoaminiwa tu, ushahidi ukaanza kuyeyuka.

8. Ghillean Prance, bwana wa majani

Mtaalamu wa mimea, Mwingereza, alimaliza sehemu kubwa ya ujana wake Amazoni akikusanya majani na maua, kisha akawa mkurugenzi wa bustani ya Kew, London, toka 1988 hadi 1999. Akapewa na cheo cha Sir. Ni Mkristo asiyeficha, na jina lake limekuwa miongoni mwa wakubwa wanaosimama nyuma ya A Rocha.

"Ngoja," Mzee wa Kanisa akaweka kikombe chini. "Amepewa u-Sir kwa kujua majina ya miti?"

"Pamoja na mambo mengine."

"Basi nyanya yangu angekuwa malkia. Mrihi, mfunda, muhugu, mbambakofi. Anakwambia upi unazaa kuni zisizo moshi, upi unatibu tumbo, na upi ukiuchoma ugomvi unaingia nyumbani."

Hapo alinikamata. Ningempandisha nyanya yake hadi nafasi ya tatu, ila hakuandika kitabu. Na hilo ndilo tatizo la misitu yetu ya pwani: waliokuwa wanaijua sana hawakuulizwa na mtu mwenye kalamu. Wazee wa makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, waliilinda karne na karne bila shirika wala nembo, na UNESCO ikaja kuiorodhesha mwaka 2008. Wakristo wa kwanza wa huku walifundishwa kuiogopa misitu hiyo kama makao ya mashetani. Leo wajukuu wao wanafundishwa, na Wakristo pia, kuhesabu vipepeo wake.

"Usituchokoze," akasema Mzee.

"Nakupongeza, Mzee. Mmefika, ijapokuwa kwa njia ya Amazoni."

7. John Houghton, mtu wa mawingu

Mwelshi, profesa wa fizikia ya anga, mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, na mmoja wa wahariri wakuu wa ripoti tatu za mwanzo za jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi. Jopo hilo lilishiriki Nobeli ya Amani mwaka 2007. Jumapili alikuwa kanisani, Jumatatu kwenye majedwali ya joto. Alifariki Aprili 2020.

Kazi yake ngumu zaidi, kwa maoni yangu, haikuwa ile ya fizikia. Ilikuwa kuwakalisha wahubiri wa Marekani, ambao hawakutaka kusikia habari za mwanasayansi, na kuwaeleza taratibu kama mtu wa nyumbani. Mgeni angefukuzwa. Yeye alifungua Biblia ileile waliyofungua wao, kisha akaitoa grafu.

Kwetu huku hatukuhitaji grafu. Mwaka 1998 bahari ilipata homa ya El Niño, na matumbawe ya Malindi na Watamu yakageuka meupe kama sahani. Mengi hayakufufuka.

6. Robert Sluka na Benjamin Cowburn, wahasibu wa chini ya maji

Ninawaunganisha kwa sababu wote walilowa. Hawa ni wataalamu wa bahari wa A Rocha waliokuja kuhesabu samaki na matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi. Hifadhi ilikuwa imeshazeeka, watalii wameshaangalia samaki kupitia mashua za vioo miongo kadhaa, lakini orodha ya maana ya kilichomo ndani ilikuwa nyembamba. Wakaandika.

"Wanazama, wanahesabu samaki, wanatoka mikono mitupu?" Mzee aliuliza.

"Mikono mitupu, daftari limejaa."

"Watamu nzima imewacheka."

Imewacheka, ndiyo. Kisha ikazoea.

5. Brian Oldreive na blanketi la Mungu

Hapa Mzee wa Kanisa alisogeza kiti, kwa sababu hapa anajua kuliko mimi.

Oldreive ni mkulima wa Zimbabwe. Mwaka 1984, mahindi yakimkatalia, aliomba, kisha akaingia porini kuangalia Mungu analimaje. Akaona mambo mawili: porini hakuna anayelima kwa plau, na udongo hauachwi uchi, majani makavu yameufunika. Akarudi shambani akaacha kugeuza udongo, akaanza kutandaza masalio ya mazao. Njia hiyo ikaenea kwa jina la kilimo kwa njia ya Mungu, na A Rocha Kenya wameifundisha vijiji vinavyozunguka misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Hesabu yake ni fupi: shamba likizaa, mtu haingii msituni kuchoma makaa ili anunue unga.

Matandazo huitwa blanketi la Mungu. Mashimo huchimbwa kwa kipimo, kwa kamba iliyofungwa vifuniko vya chupa kila sentimita 60. Ukitumia kamba hiyo hiyo msimu kwa msimu, mbolea unairudisha kwenye shimo lile lile.

"Swali," nikamwambia Mzee. "Kamba ya eka moja ina vifuniko vingi sana. Wewe mzee wa kanisa zima ulivipata wapi?"

"Soda."

"Soda, Mzee?"

"Shekhe, kunywa kahawa yako."

Akanieleza yaliyompata msimu wa kwanza. Babu yake alichoma shamba, baba yake alichoma shamba, na jirani yeyote wa maana akiona moshi wako hujua umejiandaa kwa masika. Yeye hakuchoma. Akatandaza mabua. Jirani akapita, akasimama, akauliza kama kuna msiba, maana shamba halijafagiwa. Mchwa wakaja. Mbuzi wa jirani wakaja, wakala nusu ya blanketi la Mungu bila hata kuomba radhi. Lakini mvua ilipokatika katikati ya msimu, kama inavyopenda siku hizi, mahindi yake yalisimama wiki mbili zaidi kuliko ya yule jirani.

"Akaja kuomba radhi?"

"Akaja kuomba vifuniko."

4. John Stott, mhubiri aliyefundishwa na bundi

Stott alikuwa kasisi wa kanisa la All Souls, katikati ya London, na mmoja wa waandishi wa Kikristo waliosomwa sana duniani karne iliyopita. Alifariki mwaka 2011. Kila safari ya kuhubiri aliifunga pamoja na darubini, na wenyeji wake walijifunza kwamba mgeni huyu akitazama dirishani hatafuti maono, anatafuta ndege. Aliwaunga mkono A Rocha mapema, wakati Wakristo wengi waliona kupenda ndege ni mchezo wa wastaafu. Mwaka 1999 akatoa kitabu kinachosema, kuanzia kwenye jalada, kwamba ndege ni walimu wetu. Kunguru humo anafundisha imani, shomoro anafundisha mtu kujithamini, na bundi ana sura yake pia.

"Habari hizo mmechelewa," nikasema. "Sisi kunguru alishamfundisha Kabili kumzika nduguye, na hudihudi alishampelekea Nabii Sulemani habari za Malkia wa Sheba. Kurani imewataja wote."

"Na bundi?"

Hapo nikanyamaza. Pwani nzima, Muislamu, Mkristo na mtu wa kaya tunakubaliana jambo moja: bundi akitua juu ya paa anapigwa mawe. Analeta msiba. Sasa fikiria bahati mbaya ya ndege wetu mashuhuri kuliko wote, yule bundi mdogo wa Sokoke, sentimita 16 hivi, anayeenea kwenye kiganja, ambaye sayansi ilimtambua miaka ya 1960 tu. Duniani anapatikana hapa kwetu na katika milima ya Usambara, Tanzania. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kumwona, na mwenyeji yuko tayari na jiwe.

Kwa hiyo mhubiri wa London aliyesimama hadharani na kumwita bundi mwalimu alitusaidia kuliko alivyojua. Nafasi ya nne. Ingekuwa ya tatu, ila hakuishi na mbu.

3. Peter na Miranda Harris, walioishi na mbu

Peter alikuwa kasisi wa Kianglikana Uingereza. Mwaka 1983 yeye na mkewe Miranda walibeba watoto wakahamia kusini mwa Ureno, kwenye lango la mto Alvor, ambako ndege wahamaji hupumzika na ambako wawekezaji walikuwa wakiona hoteli. Jina la shamba la jirani, Quinta da Rocha, ndilo likawa jina la shirika. Wakafungua kituo cha utafiti nyumbani kwao: ndege mezani asubuhi, wageni mezani mchana, sala jioni.

Fani yao ni ipi? Peter alijua ndege. Lakini fani kubwa ya nyumba ile ilikuwa meza. Mtafiti asiyeamini chochote alikaribishwa akala na muumini, na ndege aliyepimwa alikuwa na uzito uleule kwa wote wawili. Nimeingia Mwamba, Watamu, nikaona desturi hiyo imevuka bahari salama. Wali, maharage, mwanafunzi wa matumbawe, bibi kizee wa Uingereza, kijana wa Gede, wote sahani moja ya mazungumzo. Waswahili tunadhani ukarimu tuliuvumbua sisi. Hiyo ni haki yetu kudhani, lakini pale niliona washindani.

Oktoba 2019 Miranda alifariki katika ajali ya gari Afrika Kusini, pamoja na Chris Naylor, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa A Rocha ya kimataifa, na mkewe Susanna. Peter alinusurika. Mzee wa Kanisa hakuwa na mzaha hapa, nami pia.

2. Colin Jackson, mvuvi asiyekula

Ukimwona mtu kwenye hori ya Mida usiku, matope hadi magotini, akitega nyavu nyembamba kati ya mikoko, usipige yowe. Ndiye aliyeianzisha A Rocha Kenya na kuiongoza. Kinachonaswa ni vitwitwi waliotoka Siberia na Asia ya Kati kuja kula kaa na minyoo yetu. Anapima bawa, anapima uzito, anamvisha ndege kipete chenye namba, anamwachilia.

"Anavua, anapima, anaachilia," Mzee wa Kanisa akasema. "Jioni wanapika nini?"

"Takwimu."

"Hazina mafuta."

Hazina. Lakini tazama zimepikwa nini. Mwaka 2001 A Rocha Kenya ilianzisha mpango wa basari kwa wanafunzi wa sekondari wanaotoka pembezoni mwa Arabuko-Sokoke. Watalii wanalipa kupita juu ya daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko ya Mida, waende kibandani kuangalia ndege. Pesa zinakwenda kulipa karo. Familia nayo inaahidi kupanda miti na kuuacha msitu utulie. Nawajua watu wazima mjini Malindi ambao kidato cha kwanza walilipiwa, ukifuatilia shilingi vizuri, na kitwitwi. Mpaka leo sijaona tajiri wa Malindi aliyesomesha watoto kwa miguu miembamba kiasi kile.

Halafu kuna Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, msitu wa mirihi usio na ulinzi wa Arabuko-Sokoke. Hapo ndipo liliposhuka wazo la kampuni yenye asili ya Italia la kupanda mbono hekta 50,000 ili kupata mafuta ya magari ya Ulaya. Mti wenyewe Waswahili wengine wanauita mbono kaburi, kwa sababu hupandwa makaburini. Hata jina halikuwastua! A Rocha Kenya, pamoja na Nature Kenya na wanakijiji, walisimama na daftari zao: hawa ndio ndege waliomo, hizi ndizo nyumba zilizomo, haya ndiyo mavuno ya mbono mnayoyaahidi na haya ndiyo yanayopatikana. Mpango ukaanguka. Hakuna aliyeimba pambio, walisoma namba.

Na mwaka 2013 ukaja ushindi mtamu zaidi. Mnana wa Clarke, ndege wa manjano ambaye duniani kote anaishi kaunti hii pekee, alitambuliwa na sayansi mwaka 1913. Kwa miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Walimtafuta juu ya miti ya Sokoke mpaka shingo zikaingia ugonjwa. Viota vikapatikana Dakatcha, na si juu ya mti wowote: chini kabisa, kwenye majani ya kinamasi kinachojaa maji msimu wa mvua. Kikundi cha wenyeji cha kuhifadhi Dakatcha kilikuwa katikati ya utafutaji ule.

"Karne moja walitazama juu," Mzee wa Kanisa akasema, "ndege yuko chini anawatazama wao."

Mstari huo nauacha kama alivyousema. Baadaye A Rocha Kenya wakaanza kununua ardhi Dakatcha ili iwe hifadhi, kwa kuwa wachoma makaa na wakulima wa mananasi hawasomi ripoti.

"Sasa kwa nini huyu si wa kwanza?" Mzee aliuliza, karibu akasirike. "Ana matope yetu magotini."

Kwa sababu, Mzee, kuna mtu aliyetufanya wa pili.

1. Simon Stuart, aliyetufanya wa pili

Huyu wengi wenu hamjamsikia, na ndivyo nilivyotaka.

Kijana wa Cambridge, Mkristo, alifanyia utafiti wake ndege wa misitu ya milima ya Afrika Mashariki, Usambara ikiwemo. Mwaka 1988 yeye na Robert Collar walichapisha kitabu kikavu kama kashata ya juzi: orodha ya misitu muhimu ya Afrika kwa ndege walio hatarini kutoweka. Hakina picha ya machweo. Kuna majina ya misitu, majina ya ndege, na alama. Wakajumlisha. Na katika bara zima la Afrika, ukiacha visiwa, msitu wa Arabuko-Sokoke, huu wa Gede, huu ambao mabasi ya Mombasa yanapita ubavuni bila dereva kupunguza mwendo, ukatokea wa pili.

Wa pili Afrika nzima! Siku zile wakulima wengi waliouzunguka walitaka ukatwe wagawiwe mashamba, na hawakuwa wajinga. Tembo walikuwa wanatoka humo usiku kuvuna mahindi wasiyoyapanda. Mbele ya mwanasiasa, msitu ulikuwa na utetezi gani? Uzuri? Uzuri haujawahi kushinda hoja ya shamba. Lakini nafasi ya pili ni kitu unachoweza kukipiga mhuri. Inaingia kwenye barua ya kuombea fedha, inaingia kwenye hotuba ya waziri, inamfanya mtu wa Brussels atafute Gede kwenye ramani. Karibu kila andiko la mradi ninalolijua kuhusu msitu huu linaitaja namba hiyo kabla ya kumtaja ndege hata mmoja.

Stuart hakuishia hapo. Mwaka 2004 aliongoza hesabu ya vyura wa dunia nzima, ikaonyesha kwamba karibu theluthi moja ya jamii zao ziko hatarini. Toka 2008 hadi 2016 alikuwa mwenyekiti wa tume inayoshughulikia uhai wa viumbe katika IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kiti ambacho orodha nyekundu ya viumbe walio hatarini hukiangalia. Baadaye akaja kuwa mkurugenzi mtendaji wa A Rocha ya kimataifa. Kwa maneno mengine, mtu mwenye ujuzi wa kuhesabu kinachokufa akaamua kumalizia kazi na watu wanaosali.

Mzee wa Kanisa alikaa kimya muda. Mwuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, tukaongezwa.

"Kwa hiyo wewe umeandika orodha," akasema, "na mshindi wa orodha yako ni mtu aliyeandika orodha."

"Ndiyo, Mzee."

"Na kwenye orodha yake hata hatukushinda."

"Hatukushinda."

"Shekhe, adhana hiyo. Nenda kasali."

Msitu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420 hivi, na ofisi yake iko Gede, kando ya barabara ya Malindi kwenda Mombasa. Ukija kumtafuta yule bundi, mchukue mwongozaji wa hapohapo, mlipe haki yake, na jiwe liache nyumbani.